Ulilala Wapi? Maneno juu ya Wanaofasiri Ndoto Zetu

Vitabu na makala juu ya mila zetu, vikifika kwenye habari ya usingizi na ndoto, mara nyingi vinageuka orodha. Kuota nyoka ni adui. Kuota jino limeng'oka ni msiba. Kuota mto umejaa ni safari, au ni ugonjwa, kufuatana na nani ameandika. Orodha kama hizo zinauzwa pia kando ya barabara, katika vijitabu vyembamba vya karatasi mbaya, na watu wananunua. Ndugu msomaji, sisi hatutaongeza orodha nyingine. Tunataka kuwachunguza wafasiri wenyewe: wamesoma namna gani ndoto za watu wa upande huu wa Afrika, na wameacha nini nje. Tutaanza mbali kidogo na Oicha, kwa sababu muzungu mmoja mwenye jina kubwa alikuja kutafuta ndoto ng'ambo ya Uganda, na namna alivyozitafuta inaeleza mengi juu ya namna zinavyotafutwa mpaka leo, hata hapa.

Muzungu huyo ni Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi. Mwisho wa mwaka 1925 alishuka Mombasa pamoja na Mwingereza Peter Baynes na Mmarekani George Beckwith, wakaenda mpaka mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mwaka 1926 wakarudi Ulaya kwa kushuka na mto Nile. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeipa safari yao jina rasmi, Safari ya Kisaikolojia ya Bugishu, na ulinzi wake juu. Habari zimo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1962, baada ya kifo chake, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Ma vie na kilitoka Paris mwaka 1966. Kurasa za Elgon ni nzuri kweli. Jung anajua kueleza jua linavyochomoza, na anawaheshimu wazee waliotemea mate viganjani asubuhi na kuvielekeza kwenye jua hilo. Tunasema hivyo mapema ili mtu asidhani tumekuja kumtukana.

Basi, Jung alitaka ndoto. Watu walikusanyika kwake kwa mazungumzo, naye akawauliza kwa Kiswahili chake cha kusaidiwa na kamusi ndogo. Ndoto hazikuja. Akawaahidi sigara, viberiti, pini, vitu ambavyo walivitamani sana. Bado hazikuja. Mwenyewe anakubali kwamba hakupata kueleza sababu sawasawa. Anadhani ni woga na kutokuaminiana, kisha anawalinganisha na watu wanaokataa kupigwa picha kwa kuogopa roho yao isichukuliwe. Baadaye akaletewa mganga mzee, laiboni, aliyevaa joho la ngozi za kima. Alipoulizwa juu ya ndoto, mzee alijibu huku machozi yakimlenga. Zamani, alisema, malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au ugonjwa, kama mvua itakuja na ng'ombe wapelekwe wapi. Babu yake alikuwa akiota bado. Lakini tangu wazungu wafike hakuna anayeota tena, wala ndoto hazina kazi, kwa sababu sasa Waingereza wanajua yote.

Jung anasoma jibu hilo kama kifo cha dunia nzima: sauti ya Mungu iliyokuwa ikiongoza kabila katika usingizi imenyamaza, na mahali pake amekaa ofisa wa wilaya. Usomaji huu umependwa na watu wengi, na sisi pia, tulipousoma mara ya kwanza, ulitugusa. Lakini ni usomaji wa mtu ambaye hakuuliza ulikuwa mwaka gani.

Tuuweke mwaka mahali pake. Wanandi ni jirani wa watu wa Elgon, na lugha zao ni ndugu. Mwonaji na kiongozi wao, orkoiyot Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya amani. Mtoto wake Barsirian arap Manyei, orkoiyot naye, alikamatwa mwaka 1923 na kuzuiliwa mpaka mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari imepata uhuru. Kwa hiyo Jung alipoketi na laiboni wake, ilikuwa imepita miaka kama miwili tu tangu mwonaji mkubwa wa jirani afungwe. Kazi ya mwonaji, kama mzee alivyoitaja yeye mwenyewe, ni kujua kama kuna vita. Sasa anakuja mgeni mwenye barua ya serikali, anauliza: Mzee, unaota nini? Mtu mwenye akili atajibu nini? Atajibu kwamba hakuna anayeota, na kwamba Waingereza wanajua yote.

Hatusemi mzee alidanganya. Machozi hayadanganyi kirahisi hivyo. Tunasema kwamba sentensi yake ina milango miwili, na Jung aliingia kwa mmoja tu, ule wa roho, akaupita ule wa gereza kama vile haupo. Hapa Kongo tungeuona mara moja. Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka 1921, akiwa na maono na uponyaji. Mwaka huohuo akahukumiwa, na akafa kifungoni Élisabethville mwaka 1951. Miaka thelathini gerezani, kwa mtu aliyesema kwamba aliitwa na sauti ambayo si ya Bula Matari! Baada ya hapo ni nani angemtolea muzungu ndoto yake kwa pini na viberiti?

Cha kushangaza ni kwamba Jung alijua kuuliza maswali ya mwaka na mahali ndoto ilipokuwa yake mwenyewe. Anasimulia kwamba katika safari nzima ndoto zake zilikataa kabisa kuitaja Afrika, zikabaki na mambo ya kwao Uswisi. Mara moja tu aliota mtu mweusi, na huyo hakuwa wa Elgon: alikuwa kinyozi aliyewahi kumnyoa katika mji wa Chattanooga, Marekani. Katika ndoto kinyozi anamkaribia na chuma cha moto ili amsokote nywele ziwe kama za Mwafrika. Jung akaamka kwa hofu. Akajiuliza: mtu huyu nilimwona wapi? Lini? Kwa nini usiku huu? Akaona kwamba nafsi yake inamwonya asije akamezwa na bara hili. Tunaweza kuucheka woga huo, lakini maswali yalikuwa maswali sahihi. Ndoto ya daktari ilipewa historia, mji, na kazi ya yule mtu aliyetokea ndani yake. Ndoto ambayo laiboni hakuisema ilipewa maelfu ya miaka ya ubinadamu kwa ujumla.

Katika kurasa hizohizo kuna mistari michache ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona. Jung anasema kwamba wale wafanyakazi wake wa safari, Wasomali na Waswahili wa pwani, wao hawakuwa na aibu ya ndoto. Walikuwa na kitabu cha Kiarabu cha kufasiri ndoto, wakikifungua kila siku njiani. Wakishindwa na ndoto fulani, walimwendea Jung awasaidie, kwa sababu aliijua Kurani kidogo. Basi. Anaendelea na habari nyingine. Yaani bingwa wa ndoto wa Ulaya anavuka nusu ya dunia kutafuta jinsi Mwafrika anavyosoma ndoto, anakuta shule nzima ya kusoma ndoto inaota moto kando ya hema lake, kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaizungumza kwa kubahatisha, na anaipa mistari michache! Sababu si ngumu kuiona. Watu hao walikuwa na kitabu. Jung hakuwa akitafuta Waafrika wenye kitabu. Alitaka mtu wa kale, asiyeguswa, na Mswahili mwenye kusoma alimharibia picha.

Tena kuna zaidi. Katika maandishi mengine, yale aliyoyafanya juu ya kuzaliwa upya, na si katika kitabu cha maisha yake, Jung anasimulia ndoto moja kamili aliyopewa katika safari ileile. Aliyempa ni mkuu wa wafanyakazi wake, Msomali aliyelelewa katika njia ya Kisufi. Huyo alimwita Jung mtu wa kitabu, na neno hilo limechapishwa pale kwa Kiswahili. Alisema kwamba baada ya vita vikuu vya kwanza alikuwa hana kazi, yuko katika shida. Usiku mmoja akaota mwanga mweupe karibu na mlango, akajua kwamba ni Khidri, yule mtakatifu wa Waislamu asiyekufa. Katika ndoto akasimama haraka, akamsalimu kwa salamu ya amani. Siku chache baadaye akapata kazi ya kuongoza misafara katika kampuni moja ya Nairobi.

Tunaona hii kuwa ndoto bora ya safari nzima, na haikununuliwa kwa sigara. Mtu aliitoa mwenyewe kwa mtu aliyemwamini. Ina mwaka, ina mlango, ina njaa, ina adabu ya salamu, ina mshahara mwishoni. Jung anaitumia kuthibitisha kwamba Khidri yu hai bado katika imani ya watu, na hapo ana haki. Lakini hageuki kuona kwamba amejibiwa swali lake la Elgon. Watu wanaota. Wanasimulia pia. Wanachagua tu wa kumsimulia.

Kuchagua huko ni elimu ya zamani. Katika mafundisho ya Kiislamu ndoto ziko namna tatu: njozi njema itokayo kwa Mungu, ndoto ya kutisha itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu anajisemea mwenyewe kutokana na shughuli za mchana. Njozi njema unamwambia umpendaye. Ndoto mbaya humwambii mtu. Na kuhusu Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 728, ambaye vitabu vingi vya ndoto vimeandikwa kwa jina lake, inasimuliwa kwamba watu wawili walimjia na ndoto ileile, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimwambia atakwenda kuhiji, mwingine akamwambia ataadhibiwa kwa wizi, kwa sababu aliwatazama wao kwanza, halafu ndoto. Hapo ndipo vijitabu vyetu vya barabarani vinapoaibika. Vimechukua majibu ya mabwana wa zamani na kutupa maswali yao. Nyoka wa mkulima wa kakao aliyeumwa juzi na nyoka wa karani anayemwogopa mkubwa wake wamewekwa kwenye mstari mmoja.

Sisi Wakristo tusijidai. Yosefu, katika kitabu cha Mwanzo, hakukosea kuota miganda ikimwinamia. Matatizo yalikuja alipowasimulia ndugu zake ambao tayari walimchukia. Na wasomaji Wakatoliki wanajua kwamba Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anawasema vikali wanaojengea maisha yao juu ya ndoto. Tunaikumbuka sura hiyo kwa nadra sana katika mikesha yetu.

Tukija karibu zaidi na shida ya kwetu, inabidi tumtaje mtu wa pili, Octave Mannoni, Mfaransa aliyefanya kazi Madagaska na kutoa mwaka 1950 kitabu chake juu ya saikolojia ya ukoloni. Ndani yake kuna ndoto za Wamalagasi. Mpishi mmoja ameota anafukuzwa na fahali mweusi mwenye hasira. Anapanda mti, anakaa mpaka hatari ipite, anashuka akitetemeka. Wengine, watoto wa shule, wanaota watu weusi, askari wa Senegali, bunduki. Mannoni anaona humo baba, mama, haja ya kulindwa, na mambo ya mwili ambayo wanafunzi wa Freud wanayaona kila mahali. Mwaka 1952 Frantz Fanon, daktari wa Martinique, akamjibu katika kitabu chake cha kwanza, Peau noire, masques blancs. Jibu lake linaweza kusemwa kwa maneno machache: rudisha ndoto kwenye wakati wake na mahali pake. Wamalagasi waliasi mwezi wa Machi 1947. Ufaransa ikajibu kwa silaha, na hesabu aliyoishika Fanon ni watu elfu 80 waliouawa. Askari wa Senegali walikuwa barabarani, na waliwatesa watu. Kwa hiyo bunduki iliyo katika ndoto ya mtoto wa Madagaska ni bunduki, na Fanon anaitaja mpaka aina yake.

Mtu wa Oicha akisoma ukurasa huo haulizi maelezo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yameipita teritware ya Beni kijiji baada ya kijiji, na Oktoba 2023 Oicha yenyewe ilivamiwa usiku. Watu wa Eringeti, wa Mayi-Moya, wa vijiji vya kandokando ya barabara ya Komanda, wamelala katika madarasa, makanisani, katika vyumba vya jamaa ambamo watu kumi na zaidi wanagawana sakafu. Wengine wanalima mchana porini na kurudi mjini jioni, kwa sababu shamba linaweza kuvumilia mtu mchana tu. Mtu kama huyo akisema ameota anakimbizwa na watu wenye mapanga, mfasiri gani atahitaji kitabu? Panga ni panga.

Hata hivyo tunayo manung'uniko kwa Fanon vilevile. Jibu lake linafaa kumnyamazisha Mannoni, lakini halimalizi ndoto. Mpishi hakuota askari, aliota fahali. Kwa nini fahali? Fanon ana haraka, hakai hapo. Na kwetu, ndoto ambazo watu wanazibeba kwa uzito si zile za panga. Ni zile za marehemu. Kuna waliozikwa mbiombio, wengi kaburi moja. Kuna waliopelekwa porini na hawakuonekana tena. Halafu kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 tulikuwa na Ebola, na waliokufa kwa ugonjwa huo walizikwa na timu zenye mavazi ya kujikinga, ndugu wakitazama kutoka mbali, bila kuosha mwili, bila kugusa. Ilikuwa lazima, hatubishi. Lakini marehemu hao wanarudi usiku. Mmoja amesimama mlangoni haingii. Mwingine anaomba shuka. Ukisema ni picha ya kale ya binadamu wote, hujamsaidia mjane. Ukisema ni historia ya vita na ugonjwa, umesema kweli, na bado hujamsaidia. Wazee walikuwa wakiuliza: amekuomba nini? Kisha ukoo unakaa, unazungumza, jambo lililobaki linafanywa, hata kama kaburi liko mbali. Hapo ndoto imekuwa barua, na ukoo ndio uliojibu.

Tunaogopa namna nyingine ya kusoma ambayo imekua katika miaka hii ya hofu. Tuseme mama mmoja ameota jirani yake akiwaonyesha wauaji njia. Asubuhi anasimulia katika chumba cha maombi. Anayeongoza maombi anasema Mungu amefunua. Kufika jioni, jina la jirani liko katika midomo ya vijana. Sasa tuangalie ndoto hiyo imetengenezwa na nini. Mama hajalala vizuri siku nyingi. Mchana amesikia watu wakisema kwamba wauaji wana wasaidizi ndani ya mtaa. Na jirani ni uso anaouona kila siku, na akili ikiota hutumia nyuso ilizo nazo. Tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walipoonyesha huko Chicago kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho yanakimbia chini ya kope, na kwamba wengi wanaoamshwa hapo wanasimulia ndoto, tumejua kwamba ubongo wa mwenye kulala una kazi nyingi kama wa aliye macho. Baadaye ikajulikana pia kwamba wakati huo misuli imelegezwa, na ndiyo maana mwenye kuamka nusu anajikuta hawezi kujitikisa, anahisi kitu kimemkalia kifuani, kile Kiswahili kinachokiita jinamizi. Mtu anayeshtuka mara kumi kwa usiku, akisikiliza mbwa, anakutana na jinamizi mara nyingi zaidi. Uso atakaompa jinamizi huyo ni uso wa jirani, na si ushahidi. Ndoto ya mama ni ya kweli kama habari ya hali yake mama. Juu ya jirani haijui kitu. Kiongozi wa maombi ambaye hajui kutofautisha mambo hayo mawili anacheza na damu ya mtu.

Wale wa mashirika ya misaada, kwa upande wao, wanafanya kosa jepesi zaidi. Wana karatasi ya maswali: Je, unaota ndoto za kutisha? Ndiyo, hapana, mara ngapi kwa juma. Inafaa kwa hesabu, na tumeona watu wakipata msaada kwa sababu ya karatasi hiyo, basi tusiichome. Lakini inamuuliza mtu kama vile ndoto ni homa inayomkaa yeye peke yake ndani ya kichwa. Haiulizi ulilala wapi, wala nani alikuwa macho ulipokuwa umelala.

Swali hili la pili, nani alikuwa macho, lilichunguzwa vizuri nchini Tanzania. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walitoa habari za Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi: watu wazima 33 walivaa vipimo vya usingizi mkononi kwa siku 20, na katika muda huo wote dakika ambazo kila mtu alikuwa amelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Hakuna aliyepangiwa zamu. Wazee wanalala mapema na kuamka mapema, vijana wanachelewa, mama ananyonyesha, mtu anaenda nje. Kambi ina mlinzi siku zote, bila kujua. Samson na wengine wakaendelea, na mwaka 2023 wakalinganisha ndoto za Wahadza na za Wabayaka, watu wa msitu wa Kongo-Brazzaville, na ndoto za watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ndoto za hawa wa Afrika zilikuwa na hatari nyingi, nyati, nyoka, kuanguka, lakini mara nyingi hatari haikuwa mwisho wa ndoto: mwenzake anatokea, anamshika mkono, anamsaidia kuua mnyama. Ndoto za wenye kulala peke yao ndani ya vyumba vilivyofungwa, hasa wale wenye ugonjwa wa ndoto mbaya, ziliishia kwenye hofu zaidi. Watafiti wanatamka kwa uangalifu kwamba huenda ndoto inasaidia kupoza woga pale ambapo mwenye kuota ana watu wa kutegemea. Tunaukubali uangalifu huo. Lakini tunaona kwamba hatimaye mtu amepima ndoto pamoja na kitanda.

Jirani zetu Wambuti wamekwenda mbali kuliko watafiti. Colin Turnbull, aliyekaa nao Epulu miaka ya 1950 na kuandika The Forest People mwaka 1961, anasimulia wimbo wao mkubwa wa usiku, molimo. Mambo yakiharibika, mawindo yakikosekana, mtu akifa, wao wanasema msitu umelala, haukuwaangalia watoto wake. Basi wanaimba ili uamke, na uamke kwa furaha. Turnbull ana upendeleo wake, na sisi wanakijiji tulio jirani za Wambuti tunatoka vibaya sana katika kitabu chake, waoga na wachawi mtupu. Tumwachie hilo. Wazo lenyewe halikutoka kwake. Ni kwamba usingizi si wa mtu mmoja. Anayelala anawalalia au anawaachia wengine, na msitu ukilala watu wanakufa. Huku Oicha, ambako msitu ndio uliotoa wauaji, wazo hilo linasomeka kwa uchungu ambao Turnbull hakuweza kuujua.

Hata salamu yetu ya asubuhi, wavukire, ni kumwambia mtu kwamba ameamka. Hatumwambii kwamba asubuhi ni njema. Na ugonjwa uliowahamisha watu bondeni Semliki wakati wa Wabeleji uliitwa malale, usingizi usiokuwa na asubuhi.

Tumesikia kwamba wenzetu katika chama wana nia ya kukusanya ndoto za wazee na za wahamaji kwa ajili ya kijitabu kitakachofuata. Kazi ni nzuri. Wasiende na sigara. Katika daftari waanze na safu ya mahali mtu alipolala usiku ule, na ya nani alikuwa macho, halafu ya mtu wa kwanza aliyesimuliwa asubuhi. Ndoto yenyewe iandikwe baada ya hizo. Safu ya maana waiache tupu, na majina ya watu walioonekana ndani ya ndoto yasiandikwe kabisa.